Mto Unapoingia Mferejini: Wiki ya Maji Mengi kati ya Banbury na Oxford

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani Coventry, nikitegemea daftari la safari na picha za simu ya mke wangu. Tulisafiri mwanzoni mwa Aprili, binti yetu akiwa likizo ya Pasaka, pamoja na Mjomba aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mjomba alifanya kazi miaka mingi kwenye matishari ya bandari ile, meli zilipokuwa zikitia nanga nje na mizigo kuletwa gatini kwa tishari, na nilipomwambia kwamba Uingereza kuna mifereji ambayo mtu wa kawaida anaweza kukodi boti na kuiendesha mwenyewe bila leseni ya unahodha, aliuliza swali moja tu, kama kamba ni za katani au za nailoni.

Mfereji wa Oxford una urefu wa kilomita 126, kutoka Hawkesbury karibu na Coventry hadi mjini Oxford. Ulianza chini ya mhandisi James Brindley, aliyefariki mwaka 1772 kabla haujakamilika, na boti za kwanza zilifika Oxford tarehe 1 Januari 1790. Fedha zilikuwa zimepungua kufikia sehemu ya kusini, ndiyo maana huko utakuta madaraja mepesi ya mbao ya kuinua badala ya ya mawe, na ndiyo maana pia wajenzi walitumia mto Cherwell palipowezekana badala ya kuchimba njia mpya.

Uamuzi huo wa kubana matumizi ndio uliopanga wiki yetu. Mfereji wenyewe haufuriki upesi, kwa kuwa maji yake huingizwa kwa kipimo na ya ziada humwagwa pembeni. Hatari iko pale mto unaporuhusiwa kuingia ndani, na kati ya Banbury na Oxford pako pawili: Aynho, ambako Cherwell unakatiza mfereji kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kipande cha kama maili moja kati ya malango ya maji ya Baker's Lock na Shipton Weir Lock, ambako mfereji na mto ni kitu kimoja. Anayepanga safari hii wakati wa mvua atie alama sehemu hizo mbili kwenye ramani kabla ya jambo lingine lolote, kisha ajiulize kila jioni yuko upande gani wake.

Jumamosi: Banbury hadi Kings Sutton

Boti tuliyokodi ilikuwa na urefu wa futi 57 na upana usiofika futi saba, kwa sababu malango ya maji ya mfereji huu yana upana wa futi saba tu. Kodi ya wiki ilikuwa pauni 1,140, bima ndogo pauni 60, na gunia moja la makaa ya jiko pauni 13. Maelekezo yalichukua saa moja na nusu, na nashauri mtu asiyaharakishe hata kama jua linazama. Tulionyeshwa injini, pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti, kitambuzi cha hewa ya sumu ya jikoni, na jinsi ya kukagua rafadha, yaani panga la injini linalosukuma boti, kupitia kifuniko cha tezi, yaani nyuma ya boti, baada ya kuzima injini na kuondoa ufunguo.

Lango la maji ni chumba kirefu cha mawe au matofali chenye milango huku na huku. Boti inaingia, milango inafungwa, na vilango vidogo vya chini vinafunguliwa kwa mkono wa chuma wa kuzungusha ili maji yatoke au yaingie mpaka yalingane na upande unaokwenda. Unaposhuka, jihadhari na kizingiti, ukingo wa mawe uliojificha chini ya maji karibu na milango ya juu. Tezi ikikalia kizingiti huku maji yakishuka, omo, yaani mbele ya boti, inazama na boti inaweza kujaa kwa dakika chache. Ukingoni kuna mstari mweupe unaoonyesha kizingiti kinapoishia. Binti yetu alipewa kazi moja wiki nzima, kuutazama mstari huo na kupiga kelele.

Mjomba alishika kana, yaani mpini wa usukani, tukiwa bado ndani ya mji wa Banbury. Boti za namna hii huendeshwa kwa kana iliyoko tezi, na ukiisukuma kulia omo inakwenda kushoto, jambo ambalo linamtesa aliyezoea gari lakini halikumgharimu Mjomba hata dakika moja. Kilichomkera ni mwendo, kwani sheria ya mfereji ni kutozidi maili nne kwa saa, na mbele ya boti zilizofungwa unatakiwa upunguze zaidi. Tulipita chini ya barabara kuu ya M40, malori yakinguruma juu yetu, tukafunga tulipoanza kuuona mnara mrefu uliochongoka wa kanisa la Kings Sutton. Chakula cha usiku kilikuwa wali wa nazi ya kopo na dagaa ambao Mjomba alikuwa amewavusha forodhani wakiwa wamefungwa mara nne.

Jumapili: Kings Sutton hadi Heyford

Kwenye sehemu zinazogusa mto, shirika linalosimamia mifereji, ambalo tangu mwaka 2012 ni la hisani na si idara ya serikali, limeweka mbao za kupimia maji zenye rangi tatu. Maji yakiwa kwenye kijani, mto uko kawaida. Yakiwa kwenye manjano, mto umepanda na upite kwa tahadhari. Yakifika kwenye nyekundu, usipite. Ubao hauna maelezo mengi na hauhitaji. Kabla ya Aynho maji yalikuwa kijani.

Pale Aynho mfereji unapanuka ghafla, mto unaingia kutoka ubavuni na kutokea ubavu wa pili kupitia ukuta wa kumwagia maji, na boti inayopita inasukumwa mbavuni kuelekea ukuta huo. Siku hiyo msukumo ulikuwa mdogo, lakini Mjomba aliuhisi kwenye kana kabla sijauona majini, akaielekeza omo kidogo upande mto unakotoka, nasi tukavuka tumelala upande kama kaa na kuingia langoni sawasawa. Lango lenyewe la Aynho ni pana lisilo na umbo la kawaida, na mteremko wake ni kama futi moja tu. Upana huo una sababu: lango linalofuata, Somerton Deep Lock, lina kina cha futi 12, na lango la kawaida la futi moja lisingeweza kushusha maji ya kutosha kulilisha.

Ndani ya Somerton unashuka mpaka kuta za utelezi zinakuzunguka na anga linabaki ukanda mwembamba juu yako. Mke wangu, aliyekuwa juu na mkono wa chuma, alionekana mdogo sana. Kutoka hapo hadi Heyford ni malisho, kondoo na reli inayofuata bonde, hakuna la kusimulia.

Jumatatu: Heyford hadi Thrupp

Asubuhi utabiri ulitangaza mvua kubwa kuanzia usiku huo hadi Jumanne mchana. Hapa ilibidi tuamue. Tungebaki Heyford, tusingevuka kipande cha mto na tungekuwa na hakika ya kurudi, kwani ingebaki Aynho pekee. Tungevuka, huenda tungezuiliwa upande wa kusini. Nilimpigia simu mwenye boti, naye akasema mto ulikuwa bado kijani, kwamba tukizuiliwa wao ndio watakaoamua lini tupite, na kwamba siku ya ziada kwa sababu ya mafuriko hawatoitoza. Jambo hilo la mwisho nilimwomba alitume kwa ujumbe wa maandishi, na ninashauri kila mkodishaji afanye hivyo, kwa kuwa mtu anayeogopa faini ya kuchelewa ndiye anayeshawishika kupita kwenye nyekundu.

Tukavuka. Mke wangu alikuwa na hoja iliyotushinda sote, kwamba kama ni kukwama, tukwame penye barabara. Thrupp kuna bomba la maji, mgahawa wa chai karibu na daraja la kuinua, basi la kwenda Oxford na maduka ya Kidlington kwa mwendo wa miguu. Kati ya Heyford na Baker's Lock kuna miti na ukimya, navyo haviuzi mkate.

Sehemu ya mto siku hiyo ilikuwa ya kupendeza: kona za kuzunguka, miti imeinamia maji, na boti ikienda upesi zaidi bila kuongeza mafuta, kwa sababu tulikuwa tunafuata mkondo. Lakini ukishuka na mkondo ni lazima boti iende kasi kuliko maji, la sivyo usukani haushiki kitu na boti inageuka gogo. Tukalifikia Shipton Weir Lock, lenye umbo la ajabu kama lile la Aynho na kwa sababu ileile, tukaingia humo huku mto ukituacha na kumwagika kando. Baada ya hapo tulikuwa mferejini tena. Tulipita chini ya kanisa la Shipton-on-Cherwell, karibu na mahali ambapo mkesha wa Krismasi mwaka 1874 treni iliacha reli na watu 34 wakafariki. Tuligeuza boti jioni ileile ili omo iwe tayari inaelekea nyumbani, kisha tukafunga Thrupp.

Jumanne: Thrupp, mvua

Ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilimkuta Mjomba nje, kanzu imechomekwa ndani ya suruali ya mvua ya mke wangu, akikagua kamba.

"Mwanangu, umefunga kama mtu anayeogopa kuibiwa," akasema. "Chombo kikipanda usiku kitapandia wapi?"

Kamba zetu zilifungwa kwa vigingi viwili vifupi vya chuma vilivyopigwa nyundo kwenye ukingo wa nyasi, jambo la kawaida kwenye mifereji na la kutosha wakati wa kiangazi. Lakini udongo ulioshiba maji haushiki kigingi. Boti nyingine ilipopita, japo polepole, boti yetu ilivutwa mbele kisha nyuma, na kila mvuto ulipanua tundu la kigingi cha tezi mpaka ukaweza kuingiza kidole gumba ubavuni mwake, na maji ya tope yakachemka humo. Ukiona hivyo usikipige nyundo zaidi palepale. Kihamishe, au piga cha pili kikikatiza cha kwanza ili vishikane.

Jirani yetu, mama wa makamo anayeishi botini mwaka mzima na paka wawili, alitutazama kwa dirisha, akatoka na ndoo yenye ndoano bapa za chuma. Sehemu hiyo ya ukingo imezibwa kwa mabati mazito ya chuma yaliyopigwa ardhini, na nyuma yake kuna reli. Ndoano inachomekwa kati ya bati na reli, ikining'iniza pete ya kupitishia kamba, na haing'oki hata ardhi ikiwa uji. Alituazima mbili kwa sharti la kuzirudisha kabla hatujaondoka. Nilipotaka kulipa, akaangalia sufuria ya Mjomba iliyokuwa ikichemka chai ya tangawizi, na malipo yakapatikana hapo. Ndoano hizo duka la boti huuza pauni chache tu, na mwenye boti yetu hakuwa ameziweka. Nunua zako kabla ya safari.

Mjomba alipanga kamba upya. Za omo na tezi zikaondolewa kwenye mkao wa kukaza moja kwa moja ukingoni, zikapelekwa mbali, moja mbele na moja nyuma, kila moja kwa mshazari, kwa kuwa kamba ndefu ya mshazari inaruhusu chombo kupanda na kushuka bila kulegea kwingine. Kisha akaongeza kamba mbili za kukingana, moja kutoka omo ikirudi nyuma na nyingine kutoka tezi ikienda mbele, ili boti isitembee ikivutwa na boti zinazopita. Kamba ya katikati, iliyofungwa juu ya paa, aliifungua kabisa. Hiyo ni ya kushikia boti kwa muda wakati wa kutia gati. Ukiifunga usiku, maji yakipanda inavuta paa kwa upande na boti inainama. Ncha zote zilirudishwa ndani ya boti ili tuweze kuzilegeza bila kuruka ukingoni gizani. Dafrao, yaani matakia ya ubavuni, tuliacha chache tu, akahakikisha hakuna inayoweza kunasa chini ya ukingo maji yakipanda.

Mvua ilikoma saa nane mchana. Sote tulidhani yamekwisha isipokuwa jirani, ambaye alisema mto unafanya kazi zake usiku. Ni kweli: Cherwell hukusanya maji kutoka mashamba ya juu, na kilele chake hufika chini muda mrefu baada ya anga kutakata. Usiku ule hata mfereji ulipanda kidogo, kadiri ya kiganja. Saa saba za usiku tulisikia mlio wa kukwaruza. Boti moja tupu, mwenyewe hayupo, ilikuwa imefungwa fupi na kukazwa, na upande wake wa ukingoni ulikuwa umeshikwa chini huku mwingine ukipanda. Mimi, Mjomba na jirani tulilegeza kamba zake kidogo kidogo, kila mmoja akipiga mzunguko mmoja kwenye pete ili mzigo ukae kwenye chuma na si mikononi, nayo ikajisawazisha kwa kishindo kilichowaamsha bata. Jirani aliandika karatasi ya kumweleza mwenye boti tulichofanya na saa yake, akaibandika mlangoni.

Jumatano: ubao mwekundu, na basi la Oxford

Asubuhi nilitembea kwa njia ya farasi, yaani njia ya ukingoni ambamo zamani farasi walivuta boti, hadi Shipton Weir Lock. Ubao ulikuwa nyekundu. Kelele za ukuta wa kumwagia zilisikika kabla sijaona lango. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yenye mapande ya povu, na gogo refu kuliko mimi lilipita, likasimama wima ukingoni mwa ukuta, likapinduka na kutoweka. Boti inayotoka langoni siku kama hiyo inaingia mtoni ubavu wake ukiwa karibu na ukuta huo. Nilipiga picha, nikamtumia mwenye boti, akajibu kwa neno moja.

Basi tukapanda basi. Kituo kiko barabara kuu, mwendo mfupi kutoka kijijini, na nauli ilikuwa na ukomo wa pauni 3 kwa mtu mzima. Tulikwenda moja kwa moja Osney, magharibi mwa katikati ya mji, kwa sababu Mjomba alitaka kuona mto Thames. Thames hauna mbao za rangi kama za mfereji. Shirika la serikali la mazingira huweka maonyo kwenye malango yake: manjano ikieleza kama mkondo unaongezeka au unapungua, na nyekundu ikionya kwamba mkondo ni mkali na vyombo visiende. Osney ilikuwa nyekundu. Daraja la Osney, lenye nafasi ya takriban futi saba na nusu katika maji ya kawaida, linajulikana kwa kuzuia vyombo vyenye kimo kirefu visipande kwenda Lechlade, na siku ile nafasi ilikuwa imepungua waziwazi.

Hapo tuliona ufungaji wa mtoni, ambao si sawa na wa mferejini, na Mjomba alisimama kwenye ukingo wa East Street muda mrefu akikagua boti moja baada ya nyingine. Nayaweka hapa tuliyoyaona na kuelezwa na mwenye boti mmoja mkarimu. Omo inaelekezwa mkondo unakotoka, ili maji yapasuke mbele na yasisukume tezi na usukani. Kamba zinafungwa kwenye pete au nguzo za kudumu, kamwe si vigingi, na kila upande unafungwa kamba mbili kwenye sehemu mbili tofauti, moja ikikatika nyingine ibaki. Zinaachwa ndefu, na kuna mtu wa kuziangalia kila baada ya saa kadhaa, maji yakipanda na zaidi yanaposhuka. Wengi huogopa maji yakipanda, kumbe boti nyingi huharibika yakishuka: chombo kilichopanda juu ya ukingo uliofunikwa kinabaki nchi kavu, nusu kikining'inia, kisha kinapinduka. Kuzuia hilo, yule bwana alikuwa amesimamisha milingoti miwili kati ya boti na ukingo, iliyofungwa ili boti iteleze juu na chini bila kuingia barabarani. Nanga yake ilikuwa tayari, mnyororo umeungwa, na haikuwa imezikwa chini ya baiskeli kama nilivyoona kwenye boti nyingine. Uchafu ulionasa omo, majani, matawi na chupa, aliusukuma kwa upondo kila alipopita, kwa sababu rundo hilo huongeza uzito kwenye kamba.

Tulikula samaki wa kukaanga na viazi, pauni 14 kwa sahani, ghali mno kwa samaki ambaye Mjomba alimtazama na kusema amekufa kwa huzuni.

Alhamisi: Thrupp hadi Heyford

Saa tatu asubuhi bado nyekundu. Saa sita na nusu mchana maji yalikuwa yameshuka hadi manjano, alama ya ulowevu kwenye ubao ikionyesha yalikotoka. Hatukuondoka mara moja. Masharti ya mwenye boti yalikuwa kwamba hakuna kupita kwenye manjano bila mtu wake, naye akamtuma kijana mmoja kwa gari. Kijana alituvalisha jaketi za kujiokolea wote, akatoa viti na vyungu vya maua juu ya paa, akafunga milango ya omo, akaangalia nanga na kutupa maelezo mafupi kuliko yote niliyowahi kupewa: mtu asiyeendesha akae ndani au ashikilie chuma, mtu akianguka, injini itolewe gia kwanza kabla ya kumfuata, rafadha ni hatari kuliko maji, na ndani ya lango tusizime injini.

Tulirudisha ndoano, pamoja na chapati sita.

Ndani ya Shipton Weir Lock vilango vilifunguliwa polepole sana. Milango ya juu ilipofunguka tuliona mto ukija kwetu, kahawia na wa haraka. Kijana alikuwa ametuambia kosa la wengi hapa ni kutoka kwa unyonge. Omo ikishatoka nje ya lango, mkondo unaishika na kuivuta kuelekea ukuta, huku tezi ikiwa bado imebanwa ndani. Mjomba aliongeza moto kabla omo haijatoka, akaielekeza upande wa mbali na ukuta, na boti ikatoka ikitetemeka mwili mzima. Kwa kitambo, huenda ni pumzi tatu, nyasi za ukingoni hazikusogea kabisa. Kisha zikaanza kurudi nyuma.

Kwenda kinyume na mkondo ni polepole lakini kuna faida, kwani usukani unashika daima na ukipunguza moto boti inasimama yenyewe. Shida ni kona. Katika kona maji ya kasi hukaa upande wa nje, na omo ikiingia humo huku tezi ikiwa kwenye maji tulivu ya ndani, boti inazungushwa. Mjomba alizichukua kona kwa ndani kadiri kina kilivyoruhusu, akiangalia uso wa maji na si ukingo. Kwenye kila daraja kijana alikwenda mbele kuhakikisha hakuna mti ulionasa. Maili hiyo moja, tuliyoishuka Jumatatu tukinywa chai, ilituchukua muda mrefu zaidi ya mara mbili.

Mwisho wake, chini ya Baker's Lock, mto unaingia kutoka ubavuni tena na kukusukuma wakati ule unapohitaji kunyooka. Mjomba alilenga kama anakwenda kugonga ukuta wa upande mto unakotoka. Mkondo ukamsogeza, na omo ikaingia katikati ya lango. Kijana akasema kitu ambacho sitakiandika. Milango ilipofungwa nyuma yetu maji yakawa tulivu, naye akaruka ukingoni na kurudi kwa miguu kulifuata gari lake. Alikataa pesa, akachukua chapati.

Malango ya Pigeon, Northbrook na Dashwood's tuliyapita bila tukio. Tulifika Heyford mwanga ukiwepo. Usisafiri gizani maji yakiwa mengi, hata kama taa ya omo ni kali, kwa sababu magogo hayana taa.

Ijumaa: Heyford hadi Banbury

Ilibaki Aynho. Bonde lote la Somerton lilikuwa ziwa, nyua za mashamba zikitokeza juu ya maji, na reli peke yake ndiyo iliyoonyesha nchi kavu ilikokuwa. Ajabu yake ni kwamba mfereji ulikaa shwari katikati ya hayo yote, ukiwa umeinuliwa kwenye kingo zake.

Manjano, karibu na kijani. Tulifunga chini ya lango, nikaenda kwa miguu hadi kivukoni na kurusha kijiti majini ili kuona kinakwenda wapi na kwa kasi gani. Ni kipimo rahisi, na chapaswa kufanywa na kila mtu kabla ya kufungua lango. Nilimpigia mwenye boti, nikamweleza rangi na kijiti, akaruhusu tupite bila mtu wake. Safari hii mimi nilishika kana na Mjomba akasimama kando yangu, mikono nyuma. Nje tu ya milango ya juu msukumo wa ubavuni ulitushika. Nilielekeza omo juu, nikaongeza moto, nikahisi tezi ikiteleza kuelekea ukuta wa kumwagia, nikangoja, na omo ilipoingia mferejini ng'ambo nikarudisha kana katikati ili tezi ifuate. Mjomba hakusema neno mpaka daraja la Nell Bridge, aliposema chai imepoa.

Jumamosi: kurudisha boti

Tulikabidhi boti saa tatu asubuhi. Hatukuhitaji siku ya ziada. Mwenye boti alikagua rafadha, akatoa humo kipande cha kamba ya bluu na mfuko wa mbolea, akahesabu vigingi, na akaahidi kuweka ndoano kwenye boti zake zote. Dizeli iliyotumika ilikuwa pauni 118, zaidi ya kawaida, kwa sababu ya Alhamisi.

Jumla yetu, pamoja na chakula, basi na samaki wa huzuni, haikufika pauni 1,600 kwa watu wanne. Kabla ya kulipia safari kama hii, jiandikishe upate arifa za bure za shirika la mifereji kuhusu malango yaliyofungwa, na uangalie kila asubuhi vipimo vya mito vinavyotolewa mtandaoni na serikali, ukilinganisha na jana yake, kwa kuwa namba moja pekee haikuambii kama mto unapanda au unashuka. Muulize mwenye boti mambo matatu: nani anaamua kupita maji yakiwa manjano, nani analipia siku za kungoja, na kama kuna nanga yenye mnyororo ulioungwa. Kamba, kwa faida ya wanaouliza kama Mjomba, ni za nailoni.